Kipindi cha Afya: Askari wa Zamani na Ugonjwa wa Kiwewe

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

Tunawasalimu ninyi mlio Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na wenyeji wetu wa hapa, kuanzia Arua mpaka Koboko. Wazee wangu, nawasalimu kwa heshima. Akina mama, vijana, karibuni. Kama una redio ya sola, tafadhali isogeze karibu na yule mzee anayependa kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Leo nataka kusema naye.

Tunazungumza juu ya watu waliowahi kubeba bunduki. Sitataja jeshi lolote wala kundi lolote, na nina sababu. Kambini humu tuko watu wa kila upande. Wapo waliopigana wao kwa wao, na leo wanapanga foleni ya maji kwenye bomba moja. Kwa hiyo nikisema "askari wa zamani" nina maana ya wote: yule aliyekuwa na mshahara na namba ya jeshi, yule aliyekamatwa njiani akitoka shule akapewa bunduki ndefu kuliko yeye, na yule dada aliyebeba sanduku la risasi kichwani na kuwapikia wapiganaji porini. Dada huyo watu humsahau kila tukitaja askari. Mimi simsahau.

Mama mmoja alitutumia ujumbe kwenye simu ya kipindi. Jina lake nimeliacha, na kijiji chake pia. Anasema hivi: mume wake alikuwa jeshini kabla hawajavuka mpaka. Usiku analia na kupiga kelele, anapapasa chini ya kitanda kama anatafuta bunduki. Embe likianguka kwenye mabati anajitupa chini, hata mbele ya wageni. Mchana hasemi. Kanisani haendi tena, sokoni haendi, watoto wakicheza kwa kelele anawafukuza. Mama amemwomba aende kituo cha afya. Mume anajibu kwamba wakijua alikuwa askari watamfuta kwenye kadi ya familia. Mama anauliza, nifanye nini?

Ndugu wasikilizaji, ujumbe huu una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni ugonjwa. La pili ni woga wa kadi. Nimefanya kipindi hiki kwa muda sasa, na naamini hili la pili ndilo linalowaumiza watu zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe una matibabu.

Tuanze na ugonjwa. Watu wa mashirika wanauita trauma, sisi tuseme kiwewe. Mtu akipita kwenye jambo la kutisha sana, mwili wake unajifunza kuwa tayari. Moyo unakimbia, macho yanatafuta, masikio yanasikia kila kitu. Kule vitani jambo hilo ni jema, ndilo lililomfanya abaki hai. Shida inakuja vita vikiisha na mwili haujui kwamba vimeisha. Ninyi mliokuwa jeshini mnajua maana ya kukaa lindo. Fikiri juu ya mlinzi aliyewekwa lindo, zamu yake ikaisha, na hakuna aliyekuja kumpokea. Anabaki pale na bunduki mkononi, usiku wa kwanza, wa pili, mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi. Kila jani likitikisika anaona adui. Mtu wa namna hiyo hana wazimu. Anafanya kazi aliyofundishwa, ila mahali si pale tena.

Dalili zake wauguzi wanazijua. Picha za zamani zinarudi zenyewe, usiku kwa ndoto au mchana kweupe, na zikirudi mtu haoni kama anakumbuka, anaona kama jambo linatokea sasa hivi. Anakwepa kila kinachomkumbusha. Anashtuka kwa urahisi, halali, hasira iko karibu. Na wengine moyo unakuwa kama umekufa ganzi: mtoto anazaliwa, hafurahi, ndugu anafariki, halii. Mambo haya yakimpata mtu siku chache baada ya hatari, ni kawaida, wengi wanapona wenyewe. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia kulima, kulala, kukaa na watu, huo ni ugonjwa na unastahili mganga kama malaria inavyostahili.

Hapa kwetu vya kukumbusha ni vingi. Mvua ya mawe kwenye mabati. Turubai likipigwa na upepo wa Januari. Boda inayopasua moshi. Ule msimu wa kiangazi wenyeji wanapochoma nyasi, harufu inaingia kila nyumba, na kwa mtu aliyeona vijiji vinaungua, harufu ile haitangazi kilimo. Kama kwako kuna mtu anayebadilika kila msimu wa kuchoma nyasi, au kila maembe yanapoiva, usidhani ana kiburi. Angalia tarehe.

Mtu anaweza kusema haya ni maneno mapya ya wazungu. Si mapya. Wenyeji wetu wa West Nile wanayajua kuliko hata sisi tuliokuja juzi. Eneo hili limetoa askari tangu zamani za Waingereza. Babu zao waliingia Keya, wakapelekwa mpaka Bama kupigana na Wajapani katika vita vya pili vya dunia. Kiswahili chenyewe kilipata nguvu huku kwa sababu kilikuwa lugha ya jeshi. Halafu ukaja mwaka 1979. Serikali ya Idi Amin, mtu ambaye Koboko wanamhesabu kuwa wa kwao, ilianguka Kampala mwezi wa nne. Askari wake wakakimbilia huku, wengine wakavuka kwenda Sudan na Zaire. Jeshi lililofuata likalipiza kisasi kwa raia. Mwezi wa sita mwaka 1981, kwenye misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua mjini, watu waliokuwa wamekimbilia kwa mapadri waliuawa. Karibu West Nile nzima ikawa wakimbizi. Hawa mnaowaona leo wanatupa ardhi ya kulima, wengi wao walikulia kambini, upande ule tuliotoka sisi.

Baadaye yakaja makundi ya waasi ya hapa hapa. Sheria ya msamaha ya Uganda ilipitishwa mwaka 2000, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2002 kundi la mwisho kubwa la huku lilitia sahihi makubaliano ya amani na serikali kule Yumbe. Waliorudi kupitia msamaha walipewa cheti, shilingi 263,000, godoro, blanketi, jembe, sufuria na mbegu. Mzee mmoja wa Koboko, mwenyeji, alinieleza jambo ambalo silisahau. Alisema godoro lile lilikuwa zuri, shida ni kwamba hakuweza kulala juu yake. Miaka mitatu alilala sakafuni, mgongo ukiwa umegusa ukuta, uso ukitazama mlango. Mke wake alilala kwenye godoro la msamaha, yeye akabaki lindo.

Duniani kote imekuwa hivyo. Katika vita vya kwanza vya dunia, daktari wa Kiingereza aitwaye Charles Myers aliandika mwaka 1915 juu ya askari waliotetemeka na kupoteza kuona au kukumbuka, bila jeraha la kutosha kueleza hali hiyo. Walidhani ni mtikisiko wa mizinga. Wengine waliitwa waoga. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam ndio waliopiga kelele mpaka madaktari wa nchi yao wakauandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao mwaka 1980. Kwa hiyo hata nchi yenye fedha zote zile ilichukua muda mrefu kukubali. Mimi naona tusijilaumu sana sisi kwa kuchelewa, lakini pia tusiendelee kuchelewa.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili wengi hawalijui. Moja ya matibabu ya kiwewe yanayotumika leo katika nchi nyingi lilijaribiwa kwanza kwa wakimbizi wa hapa. Si London wala Geneva. Ni Imvepi. Pale pale Imvepi.

Wataalamu kutoka chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walifanya kazi na wakimbizi wa Sudan waliokuwa Imvepi wakati ule. Waliwachukua watu 43 wenye ugonjwa wa kiwewe. Wengine walielezwa tu ugonjwa ni nini. Wengine walipewa ushauri wa kawaida. Wengine walisimulia maisha yao yote, kwa utaratibu maalumu, katika vikao vinne. Baada ya mwaka mmoja waliwapima tena. Katika wale wa makundi mawili ya kwanza, karibu asilimia 80 bado walikuwa na ugonjwa. Katika wale waliosimulia, walikuwa asilimia 29. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Vikao vinne, kambini, watu wakiwa bado wanasubiri chakula na hawajui kesho yao.

Halafu wakaenda mbele. Kusini, kwenye kambi ya Nakivale, walijiuliza kama ni lazima msikilizaji awe daktari. Wakawafundisha wakimbizi wenyewe, watu kama mimi na wewe, kwa wiki chache. Wakimbizi hao wakawatibu wenzao, Wanyarwanda na Wasomali. Katika utafiti huo walikuwemo watu 277, ukachapishwa mwaka 2008. Waliosimulia maisha yao kwa wakimbizi wenzao, karibu saba katika kila kumi hawakuwa tena na ugonjwa walipopimwa baadaye. Wale ambao hawakutibiwa, walipona chini ya wanne katika kumi. Na kule Goma, upande wa Kongo, njia hiyo hiyo iliongezewa mambo ya wapiganaji, ikatumiwa kwa vijana waliotoka kwenye makundi ya silaha. Utafiti wao ulitoka mwaka 2013, na vijana wale dalili zao zilipungua.

Inafanywaje? Nitaeleza polepole, maana watu wanaogopa wasichokijua.

Unakaa na mshauri, ninyi wawili tu. Anatandika kamba ndefu sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Pembeni kuna maua, mawe na vijiti. Kila jambo zuri la maisha yako unaweka ua: siku uliyopata mke, siku mtoto alipotembea, ng'ombe wa kwanza. Kila jambo la kutisha lililokupata unaweka jiwe. Na vijiti, wazee wangu, vijiti ni kwa yale uliyowafanyia wengine. Kamba haimaliziki. Mwisho wake unabaki umekunjwa, kwa sababu maisha bado.

Siku hiyo hausimulii chochote kirefu. Unapanga tu. Watu wengi wanashangaa kuona maua. Walikuwa wamesahau kabisa kwamba kati ya mawe kulikuwa na ua. Kikao kinachofuata mnaanza kutembea juu ya kamba, tangu utoto. Mkifika kwenye jiwe mnasimama. Unaeleza ulichoona, ulichosikia, harufu, mwili ulifanya nini, ulifikiri nini. Na mshauri anakuuliza pia: sasa hivi, hapa tulipo, mwili wako unasikia nini? Anakurudisha kwenye kiti ulichokalia. Hakuachi katikati ya jiwe, mnavuka mpaka upande wa pili. Kikao kinaweza kufika saa moja na nusu au mbili. Safari nyingine anakusomea ulichosimulia, unasahihisha, mnaendelea.

Kwa nini inasaidia? Kumbukumbu za vita zinakaa kichwani kama karatasi zilizotupwa ovyo, hazina tarehe wala mahali. Upepo kidogo, zinaruka zote. Kusimulia kwa utaratibu kunaziandikia tarehe: hili lilikuwa mwaka fulani, kijiji fulani, na lilikwisha. Hutalisahau. Ila litakaa mahali pake.

Sitaki kuwadanganya. Si kazi nyepesi. Kuna siku ndoto zinaongezeka baada ya kikao kabla hazijapungua. Kuna watu hawaponi. Na kuna jambo la vijiti ambalo watu hawalisemi hadharani: wapo askari wa zamani ambao hawateswi tu na woga, wanateswa na kukumbuka kwamba wakati mwingine walifurahia. Damu ilichemka, wakajiona wakubwa. Leo wanaamka wakiwa na aibu, au wanaitamani hali ile irudi. Wataalamu wa Goma walilikuta jambo hili kwa wapiganaji wengi, ndiyo maana waliweka vijiti. Mshauri aliyefundishwa hatashtuka ukimwambia. Umesikia? Hatashtuka.

Na kama hutaki kusimulia kabisa, zipo njia zisizodai usimulie. Rhino Camp ilifanyiwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani ambapo wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 walishiriki, nusu yao wakakaa katika vikundi vya watu ishirini, thelathini, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, mara moja kwa wiki kwa wiki tano, na kupewa kitabu cha picha. Hakuna aliyeulizwa aliona nini. Walifundishwa namna ya kutulia mawazo yakichafuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: baada ya miezi mitatu hali zao zilikuwa bora kuliko za wengine. Walikuwa wanawake, ndiyo, na wengi hawakuwa askari. Lakini mawazo yanayochafuka hayana jinsia.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwa mume wa yule mama, na woga wake wa kadi.

Woga huu hautoki hewani. Kambi ni mahali pa raia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza mkimbizi kuendesha vita akiwa nchi iliyompokea, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inafuata njia hiyo. Kwa hiyo watu wamejifunza kunyamaza. Mtu anajiandikisha kuwa mkulima, na kweli alikuwa mkulima kabla na baada, yale ya katikati anayameza.

Lakini tofautisheni. Kinachokatazwa ni kuendelea na vita: kuandikisha vijana, kuficha silaha, kuvuka usiku kwenda kupigana na kurudi kula rasheni. Mtu aliyeacha silaha kweli, akaacha moja kwa moja, anaweza kuomba hifadhi na kuwa mkimbizi kama raia mwingine. Yapo makosa makubwa ya kivita ambayo huchunguzwa na yanaweza kumnyima mtu hifadhi, hilo nalo ni sheria, siwezi kulificha. Ila uchunguzi huo ni kazi ya ofisi zinazoamua hadhi ya mkimbizi. Si kazi ya muuguzi. Muuguzi hana daftari la majeshi.

Tena kuanza matibabu hakuhitaji jina la jeshi. Ukifika kituo cha afya sema hivi, na mama naomba umfundishe mume wako maneno haya: "Silali. Naota mambo mabaya ya vita. Nashtuka sana." Basi. Maneno hayo yanatosha kuanza. Nusu ya kambi ingeweza kuyasema. Kama baadaye utamwamini mshauri ukataka kuweka kijiti chini, utakiweka siku yako.

Kuhusu siri: mhudumu wa afya anatakiwa kutunza unayomwambia, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019. Kuna jambo moja ambalo siri haliwezi kulifunika, nalo ni hatari iliyo mbele: ukisema unakwenda kujiua, au kumuua mtu, atatafuta msaada. Mwulize mwenyewe kabla hujaanza: "Nikisema kitu hapa, kinaenda wapi?" Ni haki yako kuuliza. Na jambo jingine, kama mkalimani ni mtu wa kijiji chako au wa upande uliopigana nao, una haki ya kusema hapana, nataka mwingine. Naliweka wazi kwa sababu nimesikia watu walioacha matibabu kwa sababu ya mkalimani tu.

Unaanzia wapi? Kwa VHT wa kijiji chako, au moja kwa moja kituo cha afya cha daraja la tatu. Waulize ni siku gani mhudumu wa afya ya akili anakuja. Hali ikiwa nzito wanakuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa ya Arua, iliyo na kitengo cha afya ya akili. Najua mashirika kadhaa yamepunguza kazi, mshauri aliyekuwepo mwaka juzi huenda hayupo. Najua pia kwamba tangu mwaka 2023 rasheni imegawanywa kwa makundi, na mtu mwenye njaa akiambiwa "pumua polepole" anaweza kukutukana. Ana haki. Hata hivyo ugonjwa huu haungoji rasheni irudi, na mtu anayelala usiku analima vizuri kuliko asiyelala.

Juu ya dawa, maneno machache. Zipo dawa za hospitali zinazosaidia, hasa huzuni kubwa ikiwa imeshikana na kiwewe. Zinachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo usiache siku ya tano ukasema ni uongo. Lakini vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila mganga, acheni. Vinazoeleka haraka, na kiwewe kinabaki palepale. Pombe ni hivyo hivyo. Kikombe cha kwete na wenzako jioni si hoja yangu leo. Hoja yangu ni yule anayekunywa waragi peke yake ili asiote. Pombe inakuangusha usingizi, halafu saa nane za usiku inakuachia na ndoto zote zinangoja mlangoni.

Wengine wataniuliza juu ya wazee wa ukoo na kutakaswa. Majirani zetu Waacholi, mtu akirudi kutoka porini, anakanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Makabila yetu mengi yana njia zao za kumsafisha aliyeua. Makanisa na misikiti wana maombi yao. Mimi sioni ugomvi. Ibada ya wazee inamrudisha mtu kwa watu wake, inawaambia majirani kwamba sasa ni wetu. Hospitali inashughulika na usingizi na moyo unaokimbia. Nenda kote. Ninachokataa ni kumfunga mtu kamba kwenye mti, kumpiga au kumnyima chakula kwa jina la kumtoa pepo. Hiyo ni kumrudisha vitani.

Sasa mama, jibu lako wewe. Usiku akipiga kelele, usimguse. Usimwinamie. Hakujui wakati ule, anaweza kukuumiza na hatakumbuka. Simama mbali, upande wa mlango au miguuni, washa tochi ukielekeza ukutani, mwite kwa sauti ya kawaida, jina analolijua zaidi: "Baba Amina, ni mimi mke wako. Uko nyumbani. Uko Uganda. Ni usiku, mvua inanyesha." Rudia mpaka aitike. Mpe maji. Usimwulize aliota nini. Asubuhi, kama anataka kusema, sikiliza. Kama hataki, muache achonge mpini wake. Panga kitanda ili aone mlango, si aibu hiyo. Waelezee watoto kwa maneno madogo: Baba aliumia zamani mahali pasipoonekana, akishtuka si kwamba hawapendi.

Na lisikilizeni hili wote wawili. Ugonjwa unaeleza hasira, lakini hautoi ruhusa ya kupiga. Akikupiga, au akishika panga, toka na watoto, nenda kwa jirani, kwa kiongozi wa kijiji, polisi au dawati la ulinzi. Kumpenda mgonjwa hakukulazimu ufe naye. Na akianza kusema kwamba ni bora asiwepo, akigawa vitu vyake, akiaga watu, usimwache peke yake. Ondoa kamba, sumu ya shambani na panga karibu naye, mwite mtu mnayemwamini, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kumwuliza mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?" hakumpi wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema.

Dakika zimebaki chache. Tufanye zoezi moja pamoja, ni katika yale yanayofundishwa kambini, na mzee uliye nyuma ya nyumba unaweza kulifanya bila mtu kujua. Kaa. Weka miguu yote miwili chini. Sukuma udongo kwa nyayo, usikie kwamba udongo unakusukuma nawe. Pumua nje polepole, mpaka pumzi iishe. Ingia tena. Sasa tazama, utaje kimya kimya vitu vitano unavyoviona: jiko, dumu, kuku, mwembe, kiti. Sikiliza, utaje sauti tatu. Gusa kitu kilicho karibu, mkono wako wenyewe ukipenda. Mawazo mabaya yanaweza kuwa bado yapo. Yaache yawepo, hufukuzi chochote. Unaujulisha mwili tu kwamba mahali hapa ni wapi na leo ni siku gani.

(Kimya cha sekunde kumi na tano.)

Kama umelifanya, lirudie kesho asubuhi kabla ya shamba, siku ambayo huna shida. Ukilizoea wakati wa utulivu, mwili utalikumbuka embe likianguka.

Juma lijalo mgeni wetu ni muuguzi wa afya ya akili, atajibu maswali yenu hapa studio. Tumeni kwa simu ya kipindi, au mwandike kwenye karatasi mmpe msikilizaji kiongozi wa kikundi chenu. Msiweke jina. Msiweke jeshi. Andikeni swali tu.

(Muziki wa kufunga.)